Kuchomoa bila kurudisha: jinsi ya kupiga probabiliti pale mfuko unapopungua

Kuna watu probabiliti wanaipiga fasta kabisa, lakini swali likiongezewa maneno mawili tu, "bila kurudisha", wanakwama utadhani wamepewa topiki nyingine. Kumbe kinachobadilika ni kitu kimoja, ukishatoa kitu kwenye mfuko basi mfuko sio ule tena, idadi imepungua na pengine ile aina unayoitafuta nayo imepungua. Ukilishika hilo robo tatu ya kazi imeisha, iliyobaki ni kuzidisha sehemu, mambo ya shule ya msingi.

Mifano nitachukua ya huku kwetu Mbeya, parachichi, soksi za baridi ya mwezi wa sita, mchezo wa akina mama sokoni. Ila nitaanza na gololi maana mitihani haichoki nazo.

Hatua ya 1: angalia kama kitu kinarudi au hakirudi

Matukio huru ni yale ambayo la kwanza halimgusi la pili. Ukirusha sarafu ya mia mbili ikaangukia upande wa Karume, ukiirusha tena bado ni nusu kwa nusu, sarafu haina kumbukumbu. Dadu la ludo vilevile, hata likitoka sita mara tatu mfululizo.

Matukio tegemezi ni yale ambayo kilichotokea mwanzo kinabadilisha hesabu ya kinachofuata. Umechomoa gololi ukaiweka mfukoni kwako, zilizobaki ni pungufu, basi.

Sasa tatizo swali halisemi kila mara "bila kurudisha". Wakati mwingine linasema "wanachaguliwa viongozi wawili", hapo mtu mmoja hawezi kuchaguliwa mara mbili kwa hiyo tayari ni bila kurudisha. Linaweza kusema "alikula embe mbili kutoka kwenye kapu", sasa embe iliyoliwa inarudije? Au "alichomoa karata mbili kwa mpigo". Hii ya kwa mpigo inawasumbua wengi, wanauliza ipi ya kwanza ipi ya pili wakati zimetoka pamoja. Jibu ni kwamba unaihesabu kama vile moja imetangulia na nyingine ikafuata bila kurudisha, namba inatoka ileile.

Hatua ya 2: andika kilichopo kabla, halafu andika kilichobaki

Usikimbilie fomula. Chukua karatasi, andika mfuko ulivyo.

Tuseme kuna gololi nyekundu 5 na bluu 3, jumla 8. Unachomoa mbili bila kurudisha. Uwezekano wa zote kuwa bluu ni ngapi?

Kabla: nyekundu 5, bluu 3, jumla 8. Bluu ya kwanza ni 3/8.
Baada ya bluu moja kutoka: nyekundu 5, bluu 2, jumla 7. Bluu ya pili ni 2/7.

Unazidisha: 3/8 × 2/7 = 6/56 = 3/28.

Fomula yake inaandikwa hivi: P(A na B) = P(A) × P(B|A). Kile kimstari cha wima kinasomeka "ikiwa A imeshatokea", kwa hiyo P(B|A) ni uwezekano wa B ukishajua A imetokea. Ndio ile 2/7 yetu. Haina uchawi wowote.

Watu wanapokosea mara nyingi ni sehemu mbili. Ya kwanza, wanapunguza asili (namba ya chini ya sehemu) wanasahau kiasi (namba ya juu), wanaandika 3/8 × 3/7, yaani kwenye jumla wameitoa ile gololi ila kwenye bluu bado wanaihesabu kama ipo. Ya pili ni kinyume chake, mtu ameshaambiwa "punguza, punguza" basi anapunguza kila kitu. Ukiulizwa nyekundu kwanza halafu bluu, ni 5/8 × 3/7, ile 3 haipungui! Iliyotoka ni nyekundu, bluu zote tatu bado zipo ndani zimetulia. Kiasi kinapungua pale tu kilichotoka ni cha aina ileile unayoitafuta, asili inapungua kila mara.

Hatua ya 3: chora mti pale njia zinapokuwa zaidi ya moja

Asubuhi ya mwezi wa saba Uyole, umeme umekatika, baridi inakung'ata mpaka vidole havihisi, unaingiza mkono kwenye begi la soksi bila kuona. Ndani kuna soksi nyeusi 4 na za kijivu 6, zote za size moja, zimechanganyika. Unatoa mbili. Uwezekano wa kupata rangi moja ni ngapi, usije ukachekwa kwenye daladala?

Hapa kuna njia mbili za kufaulu, nyeusi na nyeusi, au kijivu na kijivu. Chora mti: kwenye shina matawi mawili, nyeusi 4/10 na kijivu 6/10. Halafu kila tawi litoe matawi mengine mawili.

Ukianza na nyeusi: nyeusi ya pili 3/9, kijivu 6/9.
Ukianza na kijivu: nyeusi 4/9, kijivu ya pili 5/9.

Angalia matawi ya pili hayafanani, na hapo ndipo utajua umechora sawa. Kwenye hesabu ya kurudisha matawi ya pili yangefanana na ya kwanza, hapa yakifanana ujue kuna kitu umeruka.

Sasa sheria ni hii, ukitembea kufuata tawi unazidisha, ukiunganisha njia tofauti unajumlisha:

nyeusi-nyeusi: 4/10 × 3/9 = 12/90
kijivu-kijivu: 6/10 × 5/9 = 30/90
jumla: 42/90 = 7/15, kama asilimia 47 hivi.

Yaani ukitoa mbili gizani kuna nafasi kubwa kidogo ya kuvaa zisizofanana kuliko zinazofanana. Ila ukitoa tatu lazima mbili zifanane, rangi zenyewe si mbili tu! Hilo halihitaji hata mti.

Njia ya kujihakiki: njia zote nne za mti zikijumlishwa lazima zitoe 1. Zilizobaki ni nyeusi-kijivu 4/10 × 6/9 = 24/90, na kijivu-nyeusi 6/10 × 4/9 = 24/90. Sasa 12 + 30 + 24 + 24 = 90, ndo yenyewe. Na ushauri wangu usirahisishe sehemu mapema, ukiacha zote juu ya 90 kujumlisha kunakuwa kama kunywa maji, ukirahisisha kila moja kivyake utaanza kutafuta kigawe kidogo cha shirika bila sababu.

Halafu ona nyeusi-kijivu na kijivu-nyeusi zimetoka sawa, 24/90 zote. Sio bahati, kwenye kuzidisha juu ni 4 na 6 na chini ni 10 na 9, zimebadilishana viti tu. Kwa hiyo swali likisema "moja nyeusi na moja kijivu" bila kutaja ipi ianze, ni mara mbili, 48/90. Likisema "nyeusi kwanza kisha kijivu" ni mara moja. Hapa ndipo maksi zinapotea bure.

Hatua ya 4: ukisikia "angalau moja", geuza swali

Hii naipenda kwa sababu ina hela ndani yake.

Unanunua parachichi Rungwe au Njombe, zile za Hass. Kreti lina 60. Ngozi haisemi kila kitu, tunda linaweza kuwa zuri nje kumbe ndani limeanza kuoza. Muuzaji anakuambia "bosi, pasua yoyote matatu uone mwenyewe, mzigo msafi huu". Unapasua matatu, yote mazuri, unalipa. Je umepima kweli?

Tuseme, bila wewe kujua, kreti lina mabovu 6 kati ya 60. Ukishapasua tunda hulirudishi, kwa hiyo ni bila kurudisha, hapana mjadala. Tunataka uwezekano wa kukutana na angalau bovu moja ukipasua matatu.

Ukienda moja kwa moja utaanza kuhesabu: moja bovu mawili mazuri, kwa mipangilio yote mitatu, halafu mawili mabovu moja zuri, halafu yote mabovu... utachoka. Geuza. Kinyume cha "angalau moja bovu" ni "yote mazuri". Mazuri yapo 54:

54/60 × 53/59 × 52/58

Juu inatoka 148,824, chini 205,320, ukigawanya unapata kama 0.725. Hiyo ni nafasi ya yote matatu kuwa mazuri. Kwa hiyo nafasi ya kukamata angalau bovu moja ni 1 − 0.725 = 0.275.

Yaani kreti lenye mabovu 6 linapita mtihani wako wa kupasua matatu kwa zaidi ya asilimia 72. Muuzaji hajakudanganya chochote, kakuachia uchague mwenyewe, ila hesabu ipo upande wake. Na yeye anajua au hajui hainihusu.

Upasue mangapi basi mpaka nafasi ya kukamata ipite nusu? Endelea kuzidisha, kila tunda unaongeza sehemu moja:

manne: 0.725 × 51/57 = 0.649
matano: × 50/56 = 0.579
sita: × 49/55 = 0.516
saba: × 48/54 = 0.459

Ni mpaka saba ndio nafasi ya yote kuwa mazuri inashuka chini ya nusu. Sasa nani atakuruhusu upasue saba? Ndio maana wanunuzi wazoefu hawapasui tu, wanaminya, wanaangalia kikonyo, wanauliza yalichumwa lini, wanachukua ya chini ya kreti sio ya juu. Hesabu hii imechukulia unachagua kwa kubahatisha kabisa, na ukichagua yale ya juu yaliyopangwa vizuri basi hata hiyo asilimia 27 huna.

Kama una kompyuta au simu yenye programu ya jedwali, kuna fomula inayofanya yote haya. Andika =HYPGEOMDIST(0,3,6,60) itakupa ile 0.725. Namba ya kwanza ni mabovu unayotaka yatokee kwenye sampo, yaani yale machache unayotoa kupima, ya pili ni unapasua mangapi, ya tatu mabovu yote yaliyomo, ya nne jumla ya kreti. Jibu lisipotoka jaribu kuweka nukta mkato badala ya mkato, inategemea setingi za mashine yako.

Hatua ya 5: zamu haibadilishi chochote mpaka mtu afungue kikaratasi

Hapa ndipo kwenye ubishi mkubwa, na mimi nitakaa hapa kidogo.

Chukulia akina mama kumi wenye vibanda Mwanjelwa wanacheza mchezo. Kila mwezi kila mmoja anatoa 50,000, anayepokea zamu yake anaondoka na laki tano. Mwanzoni wanaandika namba 1 mpaka 10 kwenye vikaratasi, wanakunja, wanatia kwenye bakuli, kila mtu anachomoa kimoja. Wote wanaitaka namba 1. Basi hapo zogo linaanza, nani achomoe kwanza.

"Mimi natangulia, mwenzangu, wa mwisho siku zote anaachiwa makapi."
"Unatangulia uchague nini dada, na vyote vimekunjwa?"

Huyu wa pili ndiye anayejua hesabu. Tuangalie.

Wa kwanza kuchomoa kupata namba 1: 1/10. Wazi.

Wa pili: ili aipate, lazima wa kwanza aikose, 9/10, halafu yeye aipate kwenye vikaratasi 9 vilivyobaki, 1/9. Zidisha: 9/10 × 1/9. Tisa na tisa zinakatana, inabaki 1/10.

Wa tatu: 9/10 × 8/9 × 1/8. Tisa inakata tisa, nane inakata nane, 1/10.

Endelea mpaka wa kumi, anayelalamika ameachiwa makapi: 9/10 × 8/9 × 7/8 × 6/7 × 5/6 × 4/5 × 3/4 × 2/3 × 1/2 × 1. Kata zote kwa mshazari, inabaki 1/10. Hana hasara hata ya punje.

Lakini si tumesema matukio haya ni tegemezi, la kwanza linabadilisha la pili? Ndiyo, na hapa ndipo watu wengi akili inagoma. Linabadilisha ukishajua kilichotokea. Kabla hujajua, unachanganya hali zote mbili, ile ambayo wa kwanza kaipata na ile ambayo kaikosa, na mchanganyiko unakurudisha kwenye 1/10 ileile.

Sasa badilisha utaratibu kidogo, kila anayechomoa anafungua palepale mbele ya wote. Wanne wamefungua, hakuna namba 1. Wa tano sasa nafasi yake imepanda, ni 1/6, vimebaki sita na moja ndimo ilimo. Lakini kama wa pili aliifungua tayari, wa tano ana sifuri, anachomoa kutimiza wajibu tu. Wote wawili hawa walianza na 1/10. Taarifa ndiyo iliyoisogeza namba, zamu haikuisogeza.

Kwa hiyo kama wewe ndo katibu wa mchezo na hutaki ugomvi, wachomoe wote kwanza, wafungue kwa pamoja. Kihesabu ni sawa na ule utaratibu mwingine, ila unaondoa yale maneno ya "aah nilijua tu". Na uangalie zaidi ukunjaji, maana kikaratasi kimoja kikiwa kimekunjwa kikubwa au kina karatasi ngumu, mtu anakisikia kwa kidole na hapo ndipo anayetangulia anapata faida ya kweli. Hesabu zote hapa zinasimama juu ya kwamba vikaratasi havitofautiki.

Lini unaruhusiwa kupuuza yote haya

Mzigo ukiwa mkubwa na unachotoa ni kidogo, kurudisha na kutorudisha vinakaribiana mpaka tofauti haionekani. Chukua gunia la viazi, ile lumbesa ya kweli, tuseme viazi 800 na vibovu 80. Kuchomoa viwili vyote vibovu bila kurudisha: 80/800 × 79/799 = 0.00989. Ukirudisha: 0.1 × 0.1 = 0.01. Nani atagombana kwa hiyo?

Sasa chukua bakuli lenye viazi 10 na kibovu 1, kiwango ni kilekile cha asilimia kumi. Ukirudisha, viwili vibovu ni 0.01 vilevile. Bila kurudisha ni sifuri, maana kibovu ni kimoja tu na umeshakitoa! Kwa hiyo usiangalie asilimia peke yake. Kipimo ambacho wengi wanatumia ni kwamba sampo ikiwa chini ya asilimia 5 ya mzigo wote unaweza kuhesabu kama matukio huru, wengine wanaruhusu mpaka 10. Kwenye mtihani lakini usijaribu, wao wanataka 79/799 iandikwe.

Swali la kurudi nyuma

Likitokea hili darasani kimya kinatanda. Rudi kwenye soksi, nyeusi 4 kijivu 6. Umetoa ya kwanza ukaivaa gizani bila kuiona, ukatoa ya pili ukaimulika na tochi ya simu, nyeusi. Uwezekano kwamba ile ya kwanza uliyovaa ni nyeusi nayo ni ngapi?

Wengi wanasema 4/10, "kwani ya kwanza ilitoka kabla, ya pili inaihusu nini". Inaihusu sana. Kwenye mti wetu, njia zinazoishia na nyeusi ya pili ni mbili, nyeusi-nyeusi 12/90 na kijivu-nyeusi 24/90, jumla 36/90. Kati ya hizo ile tunayoitaka ni 12. Gawanya 12 kwa 36, ni 1/3. Au kwa mkato, ile soksi unayoiona kwenye tochi ni nyeusi moja imeshajulikana ilipo, zimebaki 9 ambazo hujaziona ikiwemo ya mguuni, na kati yake nyeusi ni 3. Basi 3/9. Ya mguuni haina tofauti na zilizo kwenye begi, zote bado hujaziona.

Jipime

Darasa lina wasichana 12 na wavulana 8, wanachaguliwa wawili kwa kubahatisha kwenda maonesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Tafuta uwezekano wa wasichana wawili, wa wavulana wawili, na wa mmoja mmoja. Majibu 33/95, 14/95 na 48/95, na yakijumlishwa yanatoa 95/95.

La pili. Kuna bahati nasibu ya tiketi 50, wewe unazo 2, wanachomoa washindi 3 na tiketi iliyotoka hairudi. Uwezekano wa wewe kupata angalau zawadi moja? Geuza swali, 48/50 × 47/49 × 46/48, ile 48 inakatika, inabaki 2162/2450 ambayo ni kukosa kabisa. Kupata ni 288/2450, karibu asilimia 11.8. Waliosema asilimia 12 kwa sababu "2 kati ya 50 mara tatu" wamekaribia sana, ila jaribu njia yao ukiwa na tiketi 20 kati ya 50 uone inavyotoa namba kubwa kuliko 1.